Vita vya Kagera havikuvunja Jumuiya

Hapa Dodoma nimesikia mara nyingi, hata kwa wazee ninaowaheshimu, kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilivunjwa na vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Sivyo. Ilivunjika 1977, Amin alivamia Kagera Oktoba 1978.

Ni kweli Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin tangu mapinduzi ya 1971 yaliyomweka madarakani Uganda. Lakini kidonda kilikuwa cha zamani: viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanzania na Uganda zililalamika tangu kabla ya mkataba wa 1967 ulioiunda Jumuiya. Mapema 1977 shirika la pamoja la ndege likafa, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Reli nayo, hii inayopita Dodoma mjini, ikabaki ya Tanzania peke yake.