Aliyenusurika ajali anashtuka usiku: si jini, mleteni hospitali

PTSD ndo nini?
Maradhi ya akili yanayokuja baada ya jambo zito, ajali, kubakwa, kupigwa, kuona watu wanakufa mbele yako. Tukio linamrudia usingizini na hata yuko macho, anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtukashtuka. Ikizidi mwezi ndo tunaita hivyo.

Homoni zinaingiaje hapo?
Homoni ni kemikali za mwili zinazopeleka ujumbe. Ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni ya adrenalini, na ndugu yake noradrenalini inapanda, moyo mbio, jasho mikononi, na ndo inayokupa nguvu ya kuogelea ujiokoe. Adrenalini hiyo hiyo inaikaza kumbukumbu ya tukio, ndo maana haifutiki. Kisha inakuja homoni nyengine, kotisoli, ambayo pamoja na kazi zake nyengine ni breki ya kuutuliza mwili. Kwa mwenye PTSD mara nyingi noradrenalini inabaki juu, na kotisoli, ambayo watu wanadhani lazima iwe juu, wagonjwa wengi wamekutwa nayo chini. Kwa hiyo mtu yumo kwenye boti ya Pemba, bahari shwari kabisa, injini ikibadilisha mlio tu kashika kiti kwa mikono miwili, mwili umesharudi Nungwi usiku ule meli ya Spice Islander ilipozama, Septemba 2011.

Kwa hiyo si jini?
Si jini.

Mbona akisomewa anatulia?
Kisomo hakina ubaya, dua ni dua, na mtu akizungukwa na watu wake moyo unapoa. Tunachokikataa ni kumzungusha kwa waganga mwaka mzima, leo kwa huyu kesho kwa yule, ng'ombe inauzwa, mtu hapati nafuu. Tunaletewa kijana ana hirizi mkononi, nguo zinanuka ubani, kakonda, kazi kashaacha, halafu jamaa zake wanasema tumehangaika kote. Kote wapi jamani, na hospitali hamjafika? Si jini, nasema tena. Kombe, yale maandishi ya dua yaliyooshwa kwa maji, anywe asubuhi, mchana mleteni.

Na vidonge vya usingizi vya duka la dawa?
Diazepam haiponyeshi PTSD, inamlaza tu, na akizoea hawezi kuacha. Acheni kununuliana tafadhali. Aliyekwisha kuzizoea asikate ghafla, ni hatari, aje apunguziwe kidogo kidogo.

Tumpime damu tuone homoni?
Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha PTSD, msitupe pesa zenu. Tunamuuliza na kumsikiliza, basi.

Anatibiwaje?
Kwa mazungumzo na mtaalamu, anarudishwa kwenye lile tukio polepole mpaka mwili ujue kwamba limepita. Wengine wanapewa na dawa kama sertraline, inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, msiiache wiki ya kwanza mkasema haifai.

Tusubiri mpaka lini?
Mwezi umepita bado halali, bado anashtuka, mleteni. Hata kabla ya mwezi kama hali chakula wala hatoki nje. Msingoje avunje vyombo, msingoje arusi ya dada yake ipite, na hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja, si aibu, Pemba anzeni hospitali iliyo karibu nanyi. Akisema anataka kufa, mleteni siku hiyo hiyo, hata usiku, na asiachwe peke yake njiani.