Jua mgongoni, na mengine yanayoharibu picha za sanamu

Kuna agizo moja nimelisikia mpaka masikio yamechoka: ukitaka kupiga picha, jua liweke mgongoni. Watembeza wageni hapa Mji Mkongwe wanawapa wageni, wazazi wanawarithisha watoto. Kisha naletewa picha za sanamu za Mkunazini, zile za ukumbusho wa watumwa, ili nizichape kubwa za kutundika ukutani, na nikizifungua naona saruji tupu, bapa kama chapati. Halafu naulizwa kama naweza "kuzitia uhai kidogo" kwenye kompyuta. Siwezi.

Agizo lenyewe lilikuwa na sababu yake. Kamera za boksi za zamani zilikuwa na tundu dogo na filamu iliyohitaji mwanga mwingi, kwa hiyo mtu alisimamishwa juani, akakunja uso, picha ikatoka. Lakini mtu ana rangi: nguo, nywele, midomo, weupe wa jicho. Hata ukimmulika usoni moja kwa moja, rangi hizo zinamchora. Sanamu ya saruji ina kijivu tu, kuanzia utosini kushuka chini. Kinachokujulisha kwamba hapa ni pua na hapa ni shavu ni kivuli, basi. Jua likiwa mgongoni kwako, kila kivuli kinaangukia nyuma ya sanamu, upande usiouona. Umekifukuza mwenyewe, kisha unanilalamikia mimi na mashine yangu ya kuchapia.

Jua liwe begani. Simama mahali ambapo mwanga unaipata sanamu kwa ubavu, shavu moja limeng'aa na la pili limeingia kivulini. Nenda Mkunazini, kwenye ua wa kanisa kuu la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Kazi ile ni ya Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi, ya mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, chini ya usawa wa ardhi, wamefungwa shingoni kwa mnyororo wa enzi zile zile za utumwa. Usiwapige wote kwanza. Mtazame mmoja. Mwanga ukimjia kwa ubavu, nyusi zinatia kivuli machoni, chuma cha shingoni kinajitenga na shingo, na kila pete ya mnyororo inapata upande wake wa giza. Sasa zunguka mpaka jua likae nyuma yako, umtazame tena. Chuma na shingo vimegandana, mnyororo umekuwa mstari.

Hapo hujitokeza mjuaji wa pili, aliyesoma mahali kwamba picha za nje hupigwa jua linapochomoza au linapozama tu. Kwa sanamu iliyo uwanjani, sawa. Kwa iliyo shimoni, jua likiwa chini ukingo wa shimo na majengo ya jirani hulizuia lisifike, na wewe unabaki na giza la bluu ukijisifu kwamba umedamka. Mkunazini mimi huenda baina ya saa tatu na saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda kiasi cha kuingia lakini bado lina mshazari. Na jua letu lina majira yake: mwezi wa Juni, saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, Desemba linahamia kusini, na mapema Machi na mapema Oktoba linapita utosini kabisa. Siku hizo za utosini matundu ya macho yanakuwa meusi tititi. Kwa hiyo sanamu inayoelekea kaskazini haipati jua la adhuhuri usoni mwezi wa Desemba, hata ukae chini yake wiki nzima. Angalia imeelekea wapi kabla hujapanga safari.

Siku ya mawingu mazito ya masika, wageni wakinuna barazani, ndiyo siku ninayoipenda. Wingu linasambaza mwanga, na makunyanzi ya saruji yanaonekana bila matundu meusi. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba bila jua hakuna picha.

Jingine: "sanamu nyeusi lazima itoke nyeusi." Askari wa Dar es Salaam, pale Samora na Azikiwe, yupo hapo tangu 1927, ni wa shaba, ameinuliwa juu ya msingi na nyuma yake mbingu nyeupe. Kamera inaiona mbingu, inapunguza mwanga, Askari anabaki kivuli chenye bunduki. Gusa sanamu kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kwa kidole. Ukimsogelea mpaka shaba ijaze picha yote, mambo yanageuka: kamera inadhani ni giza, inazidisha, shaba inapauka. Hapo punguza. Saruji ya Mkunazini haina usumbufu huu, maana kijivu chake kinakaribia sana kile ambacho kamera inakitarajia.

Ile lenzi pana ya simu, ya 0.5, "inaingiza yote"? Inaingiza, na miguu inakuwa mikubwa kuliko kichwa. Rudi nyuma, vuka barabara ikibidi (bodaboda hawatakusubiri), uvute 2x. Flashi ya simu inafika mita chache tu. Ukiiwasha usiku kwa sanamu iliyo ng'ambo ya barabara unamulika vumbi.

Kushuka shimoni ukashika mnyororo na kutabasamu, hilo si suala la ufundi. Picha za namna hiyo sichapi.

Wapo pia wanaosema sanamu ikiwa mahali pa watu, picha yake ni yako uifanye utakavyo. Kuipiga kwa ajili ya kumbukumbu yako ni jambo moja. Kuitia kwenye kalenda au fulana za kuuza ni jambo jingine. Kazi ya mwaka 1998 bado ina hakimiliki, na hapa Zanzibar tuna COSOZA inayoshughulika na mambo hayo. Waulize kabla ya kuniletea oda ya kalenda, si baada ya kunilipa arubuni.