Wamakonde wa Kwale si wageni wa juzi

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, ni wahamiaji tu, warudi kwao Msumbiji. Si kweli. Wazee wao walifika enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wamezaliwa Kenya.

Kilichokosekana ni kitambulisho. Bila hicho huwezi kupiga kura wala kufungua akaunti benki. Hata laini ya simu ilibidi isajiliwe kwa jina la rafiki. Sisi tulioipata kadi hiyo kwa urahisi hatukuwa Wakenya kuwazidi. Tulipendelewa, na ni haki tukiri hivyo.

Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi, wakisindikizwa na watetezi wa haki ambao wao tayari walikuwa na vitambulisho. Serikali ikawatambua.