Mpangilio mbadala wa kibodi ni nini, na unamfaa vipi anayechapa Kiswahili?

Mpangilio wa kibodi ni utaratibu unaoamua herufi ipi ikae kwenye kitufe kipi. Kitufe chenyewe hakijui kwamba ni K au M. Programu iliyo ndani ya kompyuta ndiyo inayokipa jina. Kwa hiyo mpangilio hubadilishwa kwa dakika moja bila kununua kitu, na kuanzia hapo yaliyoandikwa juu ya vitufe hayalingani tena na yanayotokea kwenye skrini.

Tuliouzoea wengi ni QWERTY, ulioitwa hivyo kwa herufi sita za mwanzo wa safu ya juu. Ulitokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuitengeneza miaka ya 1870. Waliosomea uhazili wanao vidoleni hadi leo. Penye athari ya Kifaransa, kama Lubumbashi na Bujumbura, utakutana na AZERTY, ambamo A imepandishwa safu ya juu na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto huifuata huko kila mara. Kwa lugha yenye A nyingi kama yetu, hiyo ni safari ya kutwa.

Mpangilio unaitwa mbadala pale mtu anapouchagua kwa hiari yake mahali pa ule wa kawaida, akitaka vidole visogee kidogo na mikono ipokezane kazi. Unaojulikana zaidi ni Dvorak, uliopewa hataza mwaka 1936 kwa majina ya August Dvorak na William Dealey. Mwingine ni Colemak, uliotolewa na Shai Coleman mwaka 2006.

Dvorak ilikusanya irabu zote tano kwenye safu ya katikati upande wa kushoto (A, O, E, U, I), na upande wa kulia ikaweka D, H, T, N, S. Kwa Kiswahili hili linaonekana kama zawadi. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unaitikia. Kwa safu hiyo moja unaandika asante, dunia, sauti, shida, ndoto, tunaona. Safu ya katikati ya QWERTY ina irabu moja tu, A. Utaandika dada, kaka, lala na shaka, kisha uanze kupanda na kushuka.

Anayechapa kwa vidole kumi bila kutazama ajaribu kuandika "muhimu" kwenye QWERTY. M, U na H zote ni za kidole cha shahada cha mkono wa kulia; I peke yake ndiyo inayokipumzisha. "Huyu" na "humu" zote ni za kidole hicho kimoja mwanzo hadi mwisho. Kwenye Dvorak, "muhimu" inapigwa kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kidole kurudia herufi mbili mfululizo.

Lakini wabunifu hawa walihesabu herufi za Kiingereza, na K kwa Kiingereza si herufi yenye shughuli nyingi. Dvorak iliitupa safu ya chini, kidole cha shahada cha kushoto, kidole kilekile kinachobeba U, I na P. Sasa andika "kukupikia". Herufi nane za kwanza zinapigwa na kidole kimoja, kinachoruka juu na chini, na mkono wa kulia haufanyi lolote. Nasi tuna ku- ya vitenzi, ki- ya ngeli, -ki- ya masharti. Hakuna aya inayozikwepa. Colemak haina tatizo hilo, na imeacha Z, X, C na V palepale, kwa hiyo mikato ya kunakili na kubandika (Ctrl+C na Ctrl+V) haipotei. Ila ndani yake M, K, L, N na J zinagombea kidole cha shahada cha kulia, na maneno kama mkono, mlango na njia hukwama mwanzoni kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa wiki au miezi ya mazoezi, chukua ukurasa mmoja uliouandika mwenyewe na uhesabu ni mara ngapi kidole kimoja kinapiga herufi mbili tofauti mfululizo katika kila mpangilio. Nayathamini majibu ya hesabu hiyo kuliko sifa zote za kasi zinazosimuliwa kuhusu Dvorak.

Ukishaamua, kasi itaporomoka. Usianze wiki yenye ripoti ya kukabidhi. Usibandike herufi mpya juu ya vitufe, maana macho yatashuka kila dakika. Chora mpangilio kwenye karatasi uiweke kando ya skrini. Anza na safu ya katikati mpaka vidole vijue njia. Fanya mazoezi kwa maandishi ya Kiswahili, hata kama ni habari za gazeti, kwa sababu mazoezi ya Kiingereza yatakufundisha jozi za herufi ambazo huzihitaji. Angalia pia nywila: hufichwa kwa vidoti, na kompyuta ikiwa imerudi kwenye mpangilio wa zamani utadhani umeisahau. Kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na wengine, rudisha QWERTY kabla ya kuondoka.

Mpangilio wenyewe pia unaweza kurekebishwa. Windows na Linux zina njia za kutengeneza wa kwako. Mimi ningeichukua Dvorak na kubadilishana K na V tu: K inahamia kidole cha pete cha mkono wa kulia, V inakwenda kushoto, ambako haitausumbua mkono sana. Ku, ki na ka zote zinakuwa kulia, kushoto. "Kukupikia" inabaki na ugumu kwenye -upi- peke yake.