Kukagua boti za biashara kwa kujitolea: yanayosemwa gatini na ukweli wake

Nchini Marekani wapo raia wanaoshuka gatini bila mshahara kukagua boti za uvuvi na boti za kukodi. Wengi ni wa Coast Guard Auxiliary, chombo cha watu wa kujitolea kilicho chini ya Walinzi wa Pwani tangu mwaka 1939. Sare yao inafanana sana na ya askari wenyewe, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

“Ukimwita mkaguzi umejichongea.”

Hana mamlaka ya polisi: hakamati mtu wala hatozi faini. Akikuta kasoro anaiandika, anakueleza namna ya kuirekebisha, kisha anarudi. Boti ikifaulu inabandikwa stika. Stika hiyo haizuii askari kupanda botini mkiwa baharini, ingawa mara nyingi hufupisha upekuzi. Nahodha anayemkwepa mtu asiyeweza kumtoza faini, akasubiri kukutana na anayeweza, mimi simwelewi.

“Wakaguzi wanajitolea, kwa hiyo ukaguzi ni hiari.”

Anayejitolea ni mkaguzi, si mwenye boti. Boti za uvuvi wa biashara zinazofanya kazi zaidi ya maili 3 za baharini kutoka pwani zinalazimika kukaguliwa gatini angalau mara moja kila miaka 5, sharti lililoanza tarehe 15 Oktoba 2015. Kwa boti ndogo za kukodi, zile zinazochukua abiria wasiozidi 6, huo ukaguzi wa gatini ni hiari kweli, lakini leseni ya nahodha si hiari.

“Vifaa vyote vipo, tumefaulu.”

Dhana hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu mwenye boti huwa amenunua kila kitu na risiti anazo. Mkaguzi hahesabu tu. Anasoma tarehe, anafuata kamba hadi ilikofungwa, anabonyeza vitufe.

Chukua boti ya mpira ya kujiokolea, ile inayokaa imekunjwa ndani ya pipa juu ya sitaha. Inashikiliwa na kifyatulio kinachofunguka chenyewe kwa msukumo wa maji chombo kinapozama mita chache. Vifyatulio vingi vya kutumika mara moja muda wake ni miaka 2, ukipita vinabadilishwa. Hatari kubwa zaidi, na isiyoonekana haraka, ni kamba inayoiunganisha na chombo. Inatakiwa ipitie kwenye kiungo dhaifu kilichotengenezwa kikatike chombo kinapozama. Baharia mwenye nia njema akiifunga moja kwa moja kwenye chuma cha sitaha, kwa fundo zuri kabisa, boti ya mpira itajaa hewa kisha itavutwa chini pamoja na chombo.

Kuna pia kifaa cha dharura kinachorusha ishara kwa setilaiti kwa masafa ya megahezi 406. Kinasajiliwa bure, na usajili huhuishwa kila miaka 2. Ukinunua boti iliyotumika bila kubadilisha usajili, siku ya msiba waokoaji watampigia simu mwenye zamani, naye yuko kwake anakula chakula cha jioni. Suti za kukinga baridi nazo hufunguliwa moja moja: zipu iliyoshika kutu haifungi, na taa ya begani yenye betri iliyokufa haina msaada usiku.

Halafu kuna watu. Boti za uvuvi za bahari kuu zinatakiwa kufanya mazoezi ya dharura kila mwezi. Muulize kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita swichi ya pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyojikusanya chini ya chombo, iko wapi. Ukimya wake ni jibu tosha.

“Cheti kikishapatikana, safari ni salama.”

Boti ya wapiga mbizi Conception ilikuwa na cheti halali cha Walinzi wa Pwani ilipoungua California usiku wa tarehe 2 Septemba 2019, wakafa watu 34. Wachunguzi walisisitiza kwamba hapakuwa na mlinzi wa zamu wakati watu wamelala. Hiyo haikuwa ya kukaguliwa na wanaojitolea, lakini somo linawahusu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaikumbuka feri ya MV Skagit. Kabla ya kuletwa Zanzibar ilibeba abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, karibu na Seattle. Tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Chombo hukaguliwa kwa maji yake. Ukikihamishia bahari nyingine, maswali yanaanza upya.

“Kazi hii ni ya mabaharia wastaafu.”

Hapana. Kuna masomo, kuna kukagua chini ya jicho la mkaguzi mzoefu, na ni Walinzi wa Pwani wanaoidhinisha. Anayejua umeme au injini ana faida, ila nadhani anayefaa zaidi ni yule asiyeona haya kuomba pipa ligeuzwe ili asome tarehe iliyo upande wa pili.