Presha ya gesi kwenye kempa haikwambii gesi imebaki kiasi gani

Baridi ikianza tu nasikia tena kwa wenye kempa (magari ya kusafiria na kulala ndani) "geji imeshuka, gesi inaisha", yani mshale wa kipimo cha presha kwenye mtungi, afu mtu anaenda kubadilisha mtungi ambao bado una nusu nzima ndani. Hebu tuliweke sawa hili.

Presha ya gesi ni ule msukumo wa mvuke ulioko ndani ya mtungi. Basi, maana yake ndo hiyo. Kinachowapoteza watu ni kwamba gesi nyingi humo ndani imekaa kama maji, mvuke uko juu tu kwenye nafasi iliyobaki (mtungi haujazwi zaidi ya asilimia 80 hivi, ili yale majimaji yapate pa kutanukia kukiwa na joto). Ukiwasha jiko mvuke unatoka, majimaji yanachemka kidogo yanatoa mvuke mwingine, presha inarudi palepale ilipokuwa. Ni kama sufuria ya maji yanayochemka, iwe imejaa pomoni au imebaki robo, ukipima joto utapata lilelile.

Kwa hiyo kinachopandisha na kushusha mshale wa geji ni joto, sio ujazo. Propeni (gesi moja ya mitungi hii, nyingine ni butani) kwenye nyuzi 20 inasoma bar 7 na kitu (bar ni kizio cha presha), kwenye nyuzi sifuri inasoma chini kidogo ya 4, na mtungi ni uleule hujagusa kitu. Mtu amelala geji iko 7, ameamka iko 4, anaapa kuna mtu amemuibia gesi usiku. Butani ndo mbaya zaidi maana inachemka kwenye nyuzi -0.5, yani nje kukiwa na barafu mtungi unaweza kuwa umejaa kabisa na jiko lisiwake, wakati propeni inaendelea kutoa mvuke mpaka karibu nyuzi -42. Ndo maana wanaosafiri na kempa wakati wa baridi wanachukua propeni, wala haihusiani na ipi ina nguvu zaidi kama wengi wanavyodhani.

Na kuna hili lingine, ukiwasha hita na jiko na maji ya moto kwa pamoja, yale majimaji yanachemka haraka na kuchemka kunakula joto, mtungi unapoa mpaka unashika barafu kwa nje, presha inaanguka. Hapo gesi haijaisha, imechoka tu, zima kimoja usubiri mtungi upate joto la hewa taratibu (usiupashe kwa moto, tafadhali).

Lini sasa geji inashuka kwa sababu gesi inaisha kweli? Ni pale tone la mwisho la majimaji likishakauka. Kwenye mtungi wa kilo 11 wa propeni hapo umebakiwa na nusu kilo hivi ya mvuke. Onyo lenyewe linakuja umeshachelewa.

Kuna wanaosema wao wanaangalia moto wa jiko. Moto nao haukwambii chochote, maana regulata iko hapo kazi yake ni kushusha presha yoyote inayokuja iwe ileile moja, kwenye kempa nyingi za Ulaya za siku hizi ni milibar 30 (milibar 1000 ni bar moja), zile za zamani za Ujerumani 50. Moto utakuwa wa buluu vizuri tu mpaka dakika za mwisho.

Kiasi kinapimwa kwa mzani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, toa huo kwenye uzito uliopata, kilichobaki ni gesi. Kama mzani huna na mtungi ni wa chuma, mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni afu pitisha kiganja toka juu kwenda chini, pale panapogeuka baridi ghafla ndo usawa wa majimaji.

Geji sijasema uitupe. Kama imefungwa kabla ya regulata ni nzuri sana kwa kutafuta uvujaji: zima vifaa vyote, fungua mtungi bomba lijae, funga mtungi, subiri kama dakika 10. Mshale ukishuka hapo ujue kuna mahali panavuja. Ila ukishuka asubuhi yenye baridi na mtungi uko wazi, mtungi umepoa tu, upime kwanza kabla hujaenda kununua mwingine.