Maana ya swali la utafiti katika tasnifu ya taaluma za Ugiriki na Roma ya kale

Tasnifu ya shahada ya kwanza ni andiko refu ambalo mwanafunzi hulitayarisha chini ya msimamizi ili aonyeshe kwamba anaweza kuuliza swali moja na kulijibu kwa ushahidi. Swali hilo ndilo swali la utafiti, nalo ni tofauti kabisa na mada. "Wagiriki na Afrika Mashariki" ni mada, na mtu anaweza kuisoma umri wake wote asiimalize. Swali huwa dogo, na katika taaluma hii huwa linaelekea kwenye maandishi fulani, sarafu fulani au chombo fulani cha kale.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Periplus ya Bahari ya Eritrea (jina la kale la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi) ni mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, na mwandishi wake hajulikani jina. Umegawanywa katika vifungu 66, na kifungu cha 15 kinaeleza kisiwa cha Menouthias, kilichoko kama stadia 300 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki wa kale) kutoka bara, ambacho ni cha tambarare na chenye miti mingi, na ambacho watu wake wana mitumbwi na vyombo vidogo vya kushonwa wanavyovulia samaki na kasa.

Mwanafunzi wa Unguja au Pemba akisoma hapo, jambo la kwanza litakalomjia ni kuuliza kama kisiwa hicho ni chetu. Naielewa hamu hiyo, lakini sioni kuwa linafaa kuwa swali la tasnifu ya shahada ya kwanza. Wataalamu wamevitaja Unguja, Pemba na hata Mafia bila kukubaliana, na muswada mkuu tulio nao, uliohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, ni nakala ya karne ya 10 ambayo maneno yake yameharibika pale pale kisiwa kinapotajwa.

Swali linalojibika ni jingine. Kifungu cha 17 kinaorodhesha bidhaa za pwani hii kama mwongozo wa mfanyabiashara unavyotarajiwa kufanya: mikuki, mashoka na vitu vya kioo vikiingia, pembe za ndovu na magamba ya kasa vikitoka. Kwa nini basi kifungu cha 15 kiache orodha na kushughulika na namna watu wanavyovua? Kulijibu kunahitaji kupitia vifungu vyote 66 na kuandika kila mahali ambapo mwandishi anaacha bidhaa na kueleza maisha ya wenyeji, kazi ambayo mwanafunzi makini anaimudu.

Hapo ndipo matayarisho yenyewe yanapoanza. Soma tafsiri mbili au zaidi sambamba na Kigiriki, hata kama Kigiriki chako ni cha mwaka mmoja tu, kwa sababu zinapotofautiana ndipo penye jambo la kuchunguza. Kifungu cha 15 kinasema wenyeji huvua kwa vikapu badala ya nyavu, wakivifunga kwenye mapito ya maji kati ya miamba. Mtu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi huko Pemba, atajiuliza mara moja kama kinachoelezwa kinakaribia dema, mtego ambao huzamishwa na kuinuliwa, au uzio, ambao husimikwa mahali pamoja na kusubiri maji yatoke. Ujuzi huo ni hazina, ingawa hauthibitishi kwamba mtego wa leo ndio ule wa karne ya 1. Unachofanya ni kumwonyesha msomaji neno la kulipima kwa uangalifu zaidi katika matini.

Unapotaja chanzo cha kale, taja namba ya kifungu badala ya ukurasa, ili msomaji mwenye toleo jingine apaone pale pale. Kisha, kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, mpelekee msimamizi swali lako kwa sentensi moja, likifuatiwa na vifungu unavyokusudia kuvitegemea. Akikuuliza ni kifungu gani kinaweza kukupinga nawe huna, swali bado halijaiva.